Risasi za Orrin Kvamme

Graham Lisle hajawahi kubisha hodi tangu azaliwe. Ijumaa ile aliingia ofisini kwa Nadine Pruitt, akatua kikombe chake cha kahawa juu ya faili la watu, akaanza kusema kabla hajakaa.

"Jumatatu mchana nampandisha Orrin Kvamme kwa jaji. Kujaribu kuua. Maabara wamepiga simu."

"Wamesemaje?"

"Mafuta! Risasi zote zilizobaki ndani ya bastola ya Dwight zina mafuta. Baruti imegandamana kama sukari iliyolowa. Mzee wa watu kazitia mafuta, kamkabidhi shemeji yake, kamwachia dubu amalizie. Kazi safi, lazima nikiri."

Lisle ndiye mwendesha mashtaka wa kaunti, kijana wa suti, si mtu mbaya, ila ana haraka ya kufika mahali ambapo hata yeye hajui ni wapi. Nadine ndiye mpelelezi pekee katika kaunti hiyohiyo, na haraka hana.

"Kiasi cha baruti?" aliuliza.

"Sahihi."

"Midomo ya maganda imebanwa?"

"Imebanwa vizuri, wamesema. Kila kitu kizuri, isipokuwa haziwaki."

Nadine alivuta kielelezo karibu. Bastola ya silinda, ya chuma cheusi, ndani ya ala yake ya ngozi, na mfuko wa karatasi uliokuwa umeibeba tangu siku ya tukio. Lisle aliuinua ule mfuko kwa ncha za vidole.

"Na nani kala kuku wa kukaanga juu ya ushahidi? Ona madoa haya."

"Hakuna aliyekula kuku."

"Basi donati. Askari wenu nawajua mimi."

Akacheka peke yake, akachukua kikombe, akaondoka.

Habari yenyewe mji mzima wa Halvor uliijua. Mwishoni mwa Machi, Dwight Ostby aliingia kwenye vichaka vya mto kumtafuta ndama, akakutana uso kwa uso na dubu mwenye watoto. Akachomoa bastola. Risasi ya kwanza ililia *puu*, kichwa cha risasi kikadondoka hata hatua kumi hakijafika. Ya pili ikasema *ta*, basi. Ya tatu ilikohoa, ikakwama ndani ya mtutu. Dubu akamrarua bega na mkono wa kushoto, na kama si mbwa wake kumchokoza yule dubu kwa nyuma, leo tungekuwa tunaongea habari za marehemu. Dwight akapona. Mke wake, Verlene, akamwambia Nadine palepale kwenye korido ya hospitali: "Risasi zile kazijaza kaka yangu. Kwa mikono yake."

Kaka yake ni huyo Orrin. Tangu siku hiyo hawajasemezana.

Kilichompa Lisle nguvu ni ugomvi wa Oktoba. Mama yao alipofariki aliacha bonde la majani ya ng'ombe, na kwenye wosia alimwandikia Verlene. Kwenye karamu ya samaki ya kanisa la Kilutheri, mbele ya mchungaji na sufuria zote, Orrin aligonga meza akapaza sauti: "Mtakuja kujuta!" Wiki moja baadaye akachukua bastola za dada na shemeji, akazirekebisha, akazijaza risasi alizotengeneza mwenyewe, akazirudisha pamoja na boksi la akiba.

Lisle aliita hilo mtego. Nadine amezaliwa Halvor, akaona kitu kingine. Watu wa Halvor kuomba msamaha kwa mdomo hawawezi, ulimi unawakatalia kabisa. Mtu akikukosea utamwona siku ya pili yuko uani kwako, anatengeneza geti lako bovu. Ukimwachia alitengeneze, yameisha. Lakini mambo hayo utamweleza jaji vipi?

*

Jumamosi alimkuta Orrin karakanani, anapanga vifaa vyake kwenye makasha. Mzee mrefu, amepungua, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani.

"Umekuja kunifunga, afande?"

"Nimekuja kuuliza. Hayo makasha ya nini?"

"Nauza. Nani atataka risasi zangu tena? Watoto wa darasa la uwindaji nao wametolewa kwangu. Kaa basi. Kahawa ipo, nyepesi, daktari kanikataza nzito."

"Rudisha mashine mezani, mzee wangu. Nataka unijazie risasi moja toka mwanzo, na usiruke hatua."

Orrin alimtazama, kisha akafanya. Ganda tupu likaoshwa, likakaushwa, likapitishwa kwenye mashine kurudishwa umbo. Fataki ikashindiliwa kitakoni, ile sahani ndogo ambayo nyundo ya bastola ikiigonga ndiyo inayowasha baruti. Baruti ikapimwa, kichwa kikakalishwa, mdomo wa ganda ukabanwa. Nadine alikuwa nyuma yake, anagusa kila kitu.

"Maganda huyapaki mafuta kabla ya kuyapitisha kwenye mashine?"

"Mashine za zamani zilitaka mafuta. Hii ina pete ngumu, haitaki."

Nadine aliviringisha karatasi nyeupe, akaisokota ndani ya ile pete. Ikatoka kavu. Akaifuta meza na kikombe cha baruti, akapata vumbi tu. Akaweka vipimo vyake juu ya mizani ya Orrin, na mizani ikasema kweli.

"Ungekuta mafuta hapa ningekupa mikono uitie pingu," Orrin alisema. "Mafuta na fataki hayalali nyumba moja."

"Maabara wameyakuta ndani ya risasi zako."

"Ndani?" Akaacha kazi. "Ndani kabisa?"

"Yamefika kwenye baruti. Risasi ikishafungwa, yanaingiaje?"

Orrin alifikiri, anajikuna kidevu. "Njia ni moja tu, pembeni mwa fataki. Za kiwandani pale pamezungushiwa vanishi. Za jeshi ndiyo usiseme, hata ukizitupa mtoni zitalia. Mimi sizibi. Wapo wanaopaka rangi ya kucha, nikaona ni mbwembwe. Risasi za kutungua makopo zinaisha kabla ya mwezi, uzizibe za nini? Lakini hata hivyo, afande, tone moja haliwezi. Labda uziogeshe."

"Uziogeshe."

"Uziogeshe, tena na tena. Na nani anaogesha risasi?"

Nadine alitoa boksi la akiba lililopatikana kwenye pikapu ya Dwight, wakatoka nje mpaka kwenye kilima cha udongo nyuma ya banda. Akatega mashine ya kupimia mwendo wa risasi, akapiga dazeni moja kwa bastola ya ofisi. Zote zikalia sawasawa, na zote mwendo wake ukakaribiana. Orrin alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeachiwa.

"Unaona? Unaona, Nadine? Nzima!"

"Usicheke bado. Boksi ni zima, za kwenye bastola ni mbovu, na bastola uliijaza wewe. Lisle akisikia hivi atafurahi kuliko wewe."

Tabasamu likaisha. Orrin alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilimpigia meza dada yangu kanisani," alisema. "Mbele ya watu. Kwa ajili ya majani ya ng'ombe! Sikujua nimwambieje. Nikaenda kumchukulia bastola zao, nikazisafisha, nikazijaza. Akanipokea. Akanipa na pai nirudi nayo. Nikajua yamekwisha. Halafu wananiambia Dwight kararuliwa kwa risasi zangu." Alifuta macho kwa mkono wa shati bila kuona aibu. "Nifungeni basi. Lakini Verlene asiamini. Hilo ndilo linaloniua."

Nadine alimhurumia sana. Aliokota maganda yake, akaondoka.

*

Jumapili, baada ya ibada, aligonga kwa akina Ostby. Verlene alifungua. Mwanamke wa shamba, viganja vigumu vya kushika nyaya na ndama, lakini kucha zake zimepakwa nyekundu ya kuwaka, hajawahi kuonekana bila hiyo tangu usichana wake.

"Kama umeletwa na Orrin, geuza gari."

"Nimejileta mwenyewe, mama."

"Haya, ingia. Kahawa iko jikoni."

Ungekuwa hata mwizi, Verlene angekupa kahawa kwanza.

Dwight alikuwa sebuleni, amezama kwenye kochi lake la kuegemea, mkono wa kushoto umefungwa kifuani. Televisheni inaonyesha mpira wa vikapu, sauti imezimwa.

"Afande Pruitt! Umekuja kumkamata yule dubu?"

"Dubu ana wakili mzuri. Nimekuja kwako. Bastola yako, tangu Orrin akurudishie Oktoba, uliwahi kuipiga?"

"Mara moja, Novemba. Kicheche aliingia banda la kuku, theluji haijashika bado. Nilimpiga mbili."

"Zililia?"

"Zililia vizuri! Muulize kicheche."

"Kisha?"

"Kisha nikajaza mbili nyingine toka kwenye boksi. Ningeiacha na mapengo?"

Nadine aliweka kikombe chini taratibu. Alizopiga zilijazwa na Orrin, na zilikuwa nzima. Alizoongeza alizitoa Dwight kwa mkono wake, kwenye boksi ambalo jana limelia lote. Na Machi zilikuwa zimekufa zote pamoja. Basi ubaya haukutoka karakanani kwa Orrin. Uliingia baadaye, humuhumu ndani ya bastola. Lakini uliingiaje?

"Verlene," Dwight aliita, "nipe na yako basi, leo Jumapili. Mkono mmoja unatosha."

Verlene alitoka chumbani na bastola ya pili, pacha wa ile ya kwanza, ndani ya ala iliyokuwa imening'inia msumarini kando ya kitanda. Akamsogezea mumewe, akamshikia ala ikiwa imesimama, bastola ingali ndani. Dwight akainama pembeni ya kochi, akaibuka na kopo la kupuliza lenye mrija mwekundu, mafuta yale ya kulegeza kutu ambayo kila banda Halvor linayo. Akaelekeza mrija nyuma ya silinda. *Fssss.* Akasubiri kidogo. *Fssss.* Mafuta yakatiririka pembeni, yakadondokea mkono wa kochi, na pale palikuwa tayari na doa jeusi la miaka.

Nadine alilitazama lile doa. Akaukumbuka mfuko wa karatasi na kuku wa Lisle.

"Dwight. Mungu wangu. Hutoi risasi kwanza?"

"Nizitoe za nini? Bastola tupu ni nyundo." Alishangaa kweli. "Baba alifanya hivi kila Jumapili maisha yake yote. Nami miaka thelathini sasa. Haijawahi kushika kutu hata chembe!"

"Hiyo miaka thelathini ulikuwa unatumia risasi gani?"

"Za jeshi, zile za baba. Tulikuwa na kreti zima. Ziliisha mwaka jana, ndipo Orrin akatujazia." Akanyoosha kidole. "Sema hii ya Verlene inayo moja. Orrin hutia tano tu, tundu la chini ya nyundo analiacha tupu, wasiwasi wa wazee. Nikatafuta kwenye droo nikakuta ya baba moja imebaki, nikaziba pengo."

"Na ala hukaa imesimama hivi? Mdomo wa bastola chini?"

"Sasa ikae juu?"

Ikikaa hivyo, vitako vya risasi vinatazama juu. Kila Jumapili mafuta yanatuama juu ya fataki, yanajipenyeza wiki nzima, Jumapili nyingine yanaongezwa. Uziogeshe, tena na tena. Nadine alisimama.

"Mama Verlene, hii bastola naichukua. Asitoe mtu risasi hata moja. Kesho saa tatu asubuhi nawataka wote uwanja wa shabaha."

"Na Orrin?" Verlene aliuliza, macho makali.

"Na Orrin. Tena nakuuliza jambo moja kabla sijatoka. Hii ni yako, na kaijaza yeye. Unaamini alitaka na wewe ufe?"

Verlene alikaa ukingoni mwa kochi, bado ameshika ala inayodondosha mafuta kwenye zulia lake.

*

Jumatatu upepo ulivuma toka milimani, wa kubeba kofia. Lisle alikuja na viatu vya mjini, analalamika. Orrin alisimama mbali, kofia mkononi. Verlene alisimama upande wa pili na mumewe. Nadine akawapa wote vizibo vya masikio.

"Nasema kabla sijapiga, ili Wakili asidai nimebahatisha," alisema. "Ndani mna sita. Tano za Orrin, zitakuwa mbovu zote au karibu zote. Moja ya jeshi, italia. Zote sita zimeoga mafuta yaleyale, Jumapili zilezile."

"Na kama Orrin alizitia mafuta hizo tano mwenyewe?" Lisle alidakia.

"Subiri."

Akalenga, akavuta. *Ta.* Hakushusha mkono. Akangoja, mtutu unatazama kilimani, maana fataki mbovu huweza kuwaka kwa kuchelewa. Haikuwaka. Akavuta tena. *Ta.* Ya tatu: *puu*, na moshi mdogo.

"Msisogee!" Alifungua silinda, akaingiza kijiti mdomoni mwa mtutu. Kikagota katikati. "Kichwa cha risasi kimekwama. Ningepiga nyingine juu yake, mtutu ungepasuka na mkono wangu. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Dwight."

Verlene alishika mdomo. Nadine aligonga kijiti taratibu kwa nyundo ya mpira mpaka kichwa kikadondoka, akachungulia mtutu, akaendelea. *Ta.* *Ta.*

Ya sita ililipuka kweli. Kopo lililokuwa kilimani likaruka juu, Lisle naye nusura aruke.

"Ya jeshi," Nadine alisema. "Imezibwa kiwandani. Za Orrin hazikuzibwa. Sasa swali lako, Wakili. Kwenye bastola ya Dwight, mbili alizojaza Orrin zilipigwa Novemba zikalia. Mbili nyingine Dwight alijaza mwenyewe toka kwenye boksi, na boksi nimelipiga Jumamosi, ni zima. Ndani ya bastola zikafa sawasawa na zile nyingine. Orrin alizitiaje mafuta risasi ambazo hakuzishika?"

Lisle alitazama kopo, akatazama viatu vyake, akatazama kopo tena.

"Yale madoa kwenye mfuko," alisema mwishowe. "Si kuku."

"Si kuku."

"Wala donati." Akapumua. Kwa haki yake, alivuka uwanja mwenyewe mpaka kwa Orrin, akampa mkono. "Mzee Kvamme, sina kesi. Nilikosea. Na darasa lako la watoto nitalipigia simu leo hii."

Dwight alikuwa amekaa juu ya benchi, rangi imemtoka.

"Kumbe mimi," alisema. "Nimejitengenezea mwenyewe. Miezi nimemwacha mke wangu amchukie ndugu yake kwa kopo langu la mafuta."

"Na mimi sikuziba," Orrin alijibu. "Nilijua unatembea penye dubu huko vichakani, nikakupa risasi za makopo. Ningeziziba usingeraruliwa. Tusidanganyane, shemeji."

"Basi tugawane lawama."

"Tugawane."

"Boksi jingine lini?" Dwight aliuliza.

Orrin alivaa kofia yake, akaivua tena.

Verlene alivuka uwanja sasa, upepo unampiga koti, akasimama mbele ya kaka yake karibu mno, kama watu wanaotaka kupigana. Nadine alisogea kidogo, kazi ni kazi. Verlene alifungua mkoba wake, akapekua vitambaa na funguo, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ileile ya kuwaka. Akamwekea Orrin kiganjani, akamfunga vidole juu yake, na hakuviachia.

"Zungusha kila fataki mara mbili," alisema. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke. "Usiache tundu, Orrin. Anza na zangu."